Nguvu Inapofika Chini

Anayejenga pikapu ya kasi huko Marekani huanza na injini, kwa sababu injini ndiyo inayosimulika. Ina ujazo, ina turbo, ina nguvu za farasi za kutajwa mezani, na boneti likifunguliwa kuna kitu cha kutazama. Ekseli ya nyuma haina mashabiki wa namna hiyo. Iko gizani, imepakwa tope na mafuta, na anayetaka kuiona vizuri lazima alale chali. Ndiyo maana katika karakana nyingi hukumbukwa mwishoni, pesa zikiwa zimekwisha, na ndiyo maana katika karakana hizohizo ndiyo inayotangulia kuvunjika.

Nishike gari moja ili mazungumzo yasielee hewani: Chevrolet C10 ya kati ya 1967 na 1972, ile fupi yenye inchi 115 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ilitengenezwa ibebe mbolea, mbao, mabomba ya fundi na vitu vingine ambavyo mwenye nguo safi hataki kuviweka ndani ya gari. Leo mtu huinunua ikiwa imeoza sakafu, huing'oa injini yake ya zamani, huipandishia V8 ya familia ya LS, ambayo General Motors waliianzisha na Corvette ya 1997, huishusha bodi karibu na lami, kisha hubaki amesimama nyuma ya gari akijiuliza aweke nini pale kati ya magurudumu mawili.

Wengi hulichukulia swali hilo kuwa la kiufundi tu. Mimi naliona ni swali la unyofu. Injini mtu anaweza kuinunua kwa ajili ya ndoto, akaiweka, akaisikiliza ikinguruma, na ndoto ikaendelea. Ekseli inamtaka ajue gari lake litafanya nini hasa Jumanne asubuhi na Jumamosi usiku, na akidanganya, jibu linakuja katika vipande vya chuma kwenye mafuta ya difu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu hunyamazisha majigambo. Tuseme injini inatoa torki, yaani nguvu ya kusokota, ya nyutoni-mita 600. Giaboksi ni otomatiki ya 4L80-E, ambayo gia yake ya kwanza huzidisha mara 2.48. Difu ina uwiano wa 3.73. Zidisha vyote na unapata takriban nyutoni-mita 5,550 kwenye ekseli, kabla hata konveta ya giaboksi haijaongeza chake gari linapoondoka. Mtu akiiona namba hiyo hukimbilia chuma kinene kuliko vyote dukani.

Lakini ekseli haibebi yote ambayo injini iko tayari kuyatoa. Inabeba kiasi kile ambacho tairi linakubali kukishika. Tuseme C10 yetu ina uzito wa kilo 1,700, asilimia 42 zikiwa nyuma, na kitovu cha uzito kiko sentimita 65 kutoka chini. Ikivaa tairi za kawaida za barabarani zenye kipenyo cha inchi 28, haiwezi kupeleka chini zaidi ya nyutoni-mita 2,800 hivi. Zinazobaki zinageuka moshi. Sasa ivue tairi hizo, ivishe tairi laini za mashindano zisizo na kashata, uipeleke kwenye lami iliyopakwa gundi. Mshiko unapanda, uzito unahamia nyuma kwa wingi zaidi, nao unaongeza mshiko tena, na ekseli ileile nyuma ya injini ileile inadaiwa nyutoni-mita 6,200. Chini ya boneti hakuna kilichoguswa. Mzigo wa ekseli umezidi maradufu kwa kubadilisha mpira tu.

Kwa hiyo fundi mjuzi hababaiki na nguvu za farasi za mteja. Anamuuliza atavaa tairi gani, na kama atakwenda kwenye uwanja wa mbio za robo maili au atakwenda kununua maziwa. Hapo ndipo wateja huanza kujikanyaga. Wote wanasema watakwenda uwanjani. Wachache wana tairi za uwanjani.

GMC waliwahi kulijibu swali hili kwa njia ya pembeni. Pikapu yao ya Syclone ya 1991 ilikuwa na injini ya V6 ya lita 4.3 yenye turbo na nguvu za farasi 280, na jarida la Car and Driver likaipambanisha na Ferrari 348 katika robo maili. Pikapu ikashinda. Ukiinama kuangalia nyuma yake unakuta ekseli ndogo, yenye kraunwili (gia kubwa ya mviringo ndani ya difu) ya inchi 7.625, jamaa wa ile iliyofungwa kwenye pikapu za S-10 za kwenda sokoni. Haikuhitaji zaidi kwa sababu magurudumu ya mbele nayo yalisukuma. Kazi iligawanywa kwa tairi nne badala ya kuachiwa mbili. Gharama yake ilikuwa ya kuchekesha kidogo: gari lilikatazwa njia za vumbi na likaruhusiwa kubeba paundi 500, yaani kilo 227, mzigo ambao watu wazima watatu wanautimiza bila mizigo yao.

Kuna jambo ambalo hesabu yangu ya juu hailioni, nalo ni mshtuko. Mwenye giaboksi ya mkono akipandisha mizunguko hadi 5,000 na kuachia klachi ghafla, hatumi torki ya injini peke yake. Anatuma pia nishati yote iliyokuwa imelala katika flaiwili, kwa kishindo kimoja. Otomatiki hupitisha nguvu katika mafuta, na mafuta hulainisha kishindo. Chrysler walilijua hili mwishoni mwa miaka ya 1960. Magari yao yenye injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426 yalipotoka kiwandani na otomatiki yalipewa ekseli ya kawaida ya kampuni, ya inchi 8¾. Yalipotoka na giaboksi ya mkono ya gia nne yalipewa Dana 60, chuma cha daraja jingine kabisa. Injini ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mguu wa kushoto wa dereva, na wahandisi waliamua kutouamini.

Basi katika C10 yetu tuweke nini? Kitu cha kwanza cha kufikiria ni kile kilichokuja na gari. Nyingi zina ekseli ya GM ya bolti 12, kraunwili ya inchi 8.875, na kwa mpenzi wa Chevrolet jina hilo pekee linalevya, kwa kuwa bolti 12 ndiyo iliyokaa chini ya Camaro na Chevelle zenye injini kubwa. Hapa pana mtego. Ya pikapu na ya gari dogo hazilingani: shingo ya pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha kraunwili, kwa gari dogo ina unene wa inchi 1.625, kwa pikapu inchi 1.438. Gari la kubeba mizigo ndilo lililopewa shingo nyembamba, jambo ambalo sijawahi kulisoma bila kutikisa kichwa. Vipuri vya kuiongezea nguvu navyo ni vichache. Hata hivyo, kwa tairi za barabarani na giaboksi ya otomatiki inatosha, na mtu anayeiacha mahali pake, akabadilisha beringi, sili na mafuta, amekata shauri vizuri kuliko wengi wanaomcheka.

Yadi za magari chakavu nazo zina lao. Ford Explorer za 1995 hadi 2001 zinabeba ekseli ya inchi 8.8 yenye breki za diski na hafushafti, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, za meno 31. Bei ni ya chakavu, uimara ni wa kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa gari jingine. Upana wake ni mfupi. Nati za gurudumu ni tano kwenye duara la inchi 4.5, wakati C10 za 1971 na 1972 zina nati tano kwenye duara la inchi 5, na zile za kabla yake zina nati sita. Pinioni imesogezwa upande mmoja, haiko katikati. Mabomba ya pembeni yameshindiliwa ndani ya nyumba ya difu na kushikwa kwa weldi za hapa na pale, kwa hiyo mwenye nguvu nyingi huyachomelea upya yasije yakajizungusha. Ukijumlisha adapta, uchomeleaji, vishikizo vipya na propela ya kukatwa upya, ile bei ya chakavu inabaki kuwa hadithi ya kumweleza mke.

Halafu kuna iliyoshinda. Ford walianza kutumia ekseli ya inchi 9 mwaka 1957 na wakaacha kuifunga katika magari yao mapya 1986, lakini kifo hicho kilikuwa cha kiwandani kwao tu. Leo mtu anaweza kuijenga nzima, kuanzia mabomba hadi beringi, bila kipande hata kimoja kilichopita mikononi mwa Ford. Sababu ya kwanza ni namna inavyofunguka. Haina mfuniko wa nyuma. Moyo wote wa difu hutoka kwa mbele ukishafungua nati zinazouzunguka, ukaubeba hadi mezani, ukaufanyia kazi umekaa kwenye kigoda badala ya kulala sakafuni na mafuta yakikudondokea shingoni. Fundi wa Gerezani kule Dar es Salaam au wa Grogan kule Nairobi hatashangaa, kwa sababu difu ya nyuma ya Hilux hutoka vivyo hivyo, na ameshazikumbatia kifuani nyingi. Mshindani wa Marekani huitumia nafasi hiyo kwa namna nyingine: anaweka mioyo miwili, mmoja wa uwiano mrefu kwa barabara na mwingine mfupi kwa uwanja, akaibadilisha kabla ya chakula cha mchana.

Sababu ya pili iko ndani. Katika ekseli nyingi pinioni hushikwa na beringi upande mmoja tu, na kichwa chake chenye meno kinaning'inia. Mzigo ukizidi, kichwa hicho hujaribu kukwepa kraunwili, na meno yanayokwepana ndiyo yanayokatika. Katika inchi 9 ipo beringi moja zaidi upande wa pili wa kichwa, kwa hiyo pinioni haina pa kukimbilia. Tena imeteremshwa chini sana kuliko kitovu cha kraunwili, na meno yake yanapandana kwa mshazari mrefu, mengi kwa wakati mmoja.

Uimara huo una deni. Meno yaliyopandana hivyo hayaviringiki tu, yanasuguana pia, na msuguano ni petroli iliyogeuka joto la difu. Inchi 9 inakula nguvu kuliko bolti 12 au 8.8, asilimia chache ambazo mwenye gari la kutembelea hatazihisi na mshindani atazililia. Nimeona watu wakiuliza iko wapi inchi 9 isiyo na ulafi huo. Haiwezi kuwepo, kwa kuwa uimara na ulafi vimetoka katika mchoro mmoja: inua pinioni upunguze msuguano, na umepunguza pia eneo la meno lililokufanya uitake.

Mwenye C10 akiiweka ekseli ya Ford chini ya Chevrolet atasikia maneno. Wamarekani wana uzalendo wa nembo ambao mgeni anaweza kuufananisha na wa Simba na Yanga, na kuchanganya damu hizi mbili kwao si jambo dogo. Lakini historia ya mbio iko upande wake. Kwa miongo mingi magari ya NASCAR ya daraja la juu, yawe na nembo ya Chevrolet, Dodge au Toyota, yalikimbia yakiwa na ekseli ya mfumo wa Ford inchi 9 nyuma. Ilikuwa hivyo hadi msimu wa 2021. Mwaka 2022 lilikuja gari jipya lenye giaboksi na difu pamoja nyuma, kila gurudumu likijitegemea. Na ekseli hiyo ya Ford ilishikwa chini ya bodi na nini? Mikono miwili mirefu ya chuma, inayoanzia katikati ya fremu na kwenda nyuma, muundo uliochukuliwa kutoka pikapu za Chevrolet za miaka ya 1960. Ni mikono hiyohiyo iliyoko chini ya C10 nyingi. Kwa hiyo anayeifunga inchi 9 kwenye mikono ya C10 anarudia ndoa iliyofungwa zamani na kudumu kuliko magari yenyewe.

Mikono hiyo ina faida nyingine ambayo wauzaji wa ekseli hawaisemi sana. Pikapu yenye springi bapa, ikikanyagwa mafuta kwa nguvu, huzikunja springi hadi zikachukua umbo la S. Pua ya difu inainuka, springi zinarudi, pua inashuka, na gari zima la nyuma linadunda. Kila tairi linapogusa lami tena linapiga ekseli nyundo, na ekseli nyingi zinazosemwa kuwa zilivunjwa na injini zilivunjwa na kudunda huko. Vyuma vya kuzuia springi zisijikunje ni rahisi kuliko difu mpya. Watu hununua difu mpya.

Dana 60 niitaje kwa ufupi. Kraunwili yake ni ya inchi 9.75, na kampuni iliyo nyuma yake ilizaliwa na Clarence Spicer, aliyepata hataza ya krosi ya propela mwaka 1903, wakati magari mengi yalikuwa bado yanasukumwa kwa mnyororo. Dodge walipoiweka V10 ya Viper, yenye nguvu za farasi 500, ndani ya Ram SRT-10 ya 2004, hii ndiyo waliyoifunga nyuma. Haina la kujitetea kuhusu nguvu. Lawama yake ni uzito, tena uzito ulio chini ya springi. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma kwa asili, na ekseli nzito chini ya bodi nyepesi ikipita kwenye shimo hulirusha tairi juu na kuchelewa kulirudisha. Tairi lililo hewani halishiki kitu. Mtu ameongeza chuma ili asivunje, na kwenye barabara mbovu amepunguza kilekile alichokuwa anakilinda.

Liko jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko nusu ya mabishano ya nguvu. Katika bolti 12 na katika 8.8, hafushafti huzuiwa isitoke na klipu ndogo yenye umbo la C iliyojificha ndani ya difu. Hafushafti ikikatika, kipande cha nje hakina kinachokishika, na gurudumu linaweza kuondoka nacho gari likiwa mbioni. Ndiyo maana chama cha mbio cha NHRA kinadai kishikizo kingine kwa gari lolote linalomaliza robo maili kwa sekunde 10.99 au pungufu. Inchi 9 inaishikilia hafushafti upande wa nje, kwenye beringi, karibu na gurudumu. Ikivunjika, unasimama na kuita gari la kuvuta, na tairi lako bado uko nalo.

Sasa uwiano. Hapa ndipo mtu anachagua maisha yake ya kila siku, na hapa ndipo ninapokaa kwa raha zaidi. Kwa tairi za inchi 28, gari likiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, ekseli inazunguka mara 820 hivi kwa dakika. Enzi za giaboksi za gia tatu zisizo na ovadraivu, difu ya 3.08 ilimaanisha injini iko kwenye mizunguko 2,530, tulivu, redio inasikika. Difu ya 4.10 ilimaanisha 3,360, na baada ya saa mbili za barabara kuu dereva alikuwa na kichwa kinachouma. Kwa hiyo watu walichagua kati ya kuondoka vizuri na kufika vizuri, na kijana akichagua 4.10, safari za mbali alienda na gari la mama yake. Kisha ikaja ovadraivu. Ya 4L80-E ni 0.75, na 4.10 ukiizidisha kwa 0.75 unapata 3.075. Ni 3.08 ileile ya zamani kwa tofauti isiyohisika, huku gia ya kwanza ikibaki na ukali wote wa 4.10. Mabishano ya kizazi kizima yalimalizwa na gia moja ya ziada ndani ya giaboksi, na bado wapo wanaoshauri uwiano kwa kumbukumbu za 1970.

Mgeni wa mambo haya huuliza kwa nini namba zenyewe ni za kukwaruza: 3.73, 4.10, 3.55. Kwa nini isiwe 4 kamili? Hesabu meno. 3.73 ni meno 41 ya kraunwili yakigawanywa kwa 11 ya pinioni. Hakuna namba inayogawanya zote mbili, kwa hiyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la kraunwili, moja baada ya jingine, kabla ya kurudi kwa lile la kwanza. Jino lenye kasoro ndogo husambaza kasoro hiyo kwa yote 41, nayo yakalika kwa usawa. Sasa chukua 3.00, ambayo Ford waliitengeneza kwa inchi 9 kwa meno 39 na 13. Ni namba safi, ya kukariri, na kila jino la pinioni linakutana na meno matatu yaleyale tangu siku ya kwanza hadi difu itakapotupwa. Penye kasoro, matatu hayo ndiyo yanayoumia peke yao. Wahandisi wanaijua gharama ya namba nzuri, ndiyo maana wanakupa mbaya.

Upande wa difu yenyewe nitapita haraka. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliivumbua kwa gari la mvuke katika miaka ya 1820 ili gurudumu la nje la kona lizunguke zaidi ya la ndani, na tangu hapo dosari yake ni ileile: tairi moja likikosa mshiko, la pili nalo linakaa bure. Pikapu tupu yenye V8 na difu ya wazi huacha alama moja nyeusi barabarani na aibu mbili. Anayeendesha barabarani achukue yenye klachi ndani, inayobana magurudumu yakianza kupishana sana. Chuma kizima kisichotofautisha magurudumu kabisa kiachiwe uwanja, kwa sababu kwenye kona ya mtaani kinalazimisha tairi kuburuzika na kinaipa kila hafushafti kazi ambayo haikuumbiwa.

Ukishanunua, ubora wa duka umefikia mwisho wake. Kinachobaki ni mikono ya fundi. Pinioni inasogezwa mbele au nyuma kwa shimu nyembamba kama karatasi. Meno yanapakwa rangi ya njano, kraunwili inazungushwa kwa mkono, kisha inaangaliwa rangi imefutika wapi: ikifutika kwenye ncha au kwenye shina, inafunguliwa tena. Nafasi ya kuchezacheza kati ya meno mara nyingi hulengwa kati ya milimita 0.15 na 0.25. Kubana mno kunaunguza, kulegea mno kunagonga. Fundi mwenye haraka ataiacha palipokaribia, na mteja ataondoka na difu inayolia kwa sauti nyembamba kuanzia kilomita 80 kwa saa. Wahenga walishasema kuhusu ngoma inayolia sana. Nimesikia watu wakibishana kwa wiki nzima inchi 9 au Dana 60, kisha wakampa kazi ya kuifunga yeyote aliye na nafasi Ijumaa. Inchi 8.8 iliyopangwa kwa subira huishi kuliko Dana 60 iliyopangwa kwa macho.

Na hata ikifungwa vizuri haitaki kukimbizwa. Safari za kwanza ni fupi na za taratibu, gari linasimamishwa, difu inaachwa ipoe, linaondoka tena. Baada ya kilomita kama 800 mafuta yanamwagwa pamoja na unga wa chuma wa meno yaliyozoeana. Mtu aliyemaliza majira mawili ya baridi akijenga gari la nguvu za farasi 500 anaombwa alitembeze mtaani huku akipitwa na magari ya kubeba watoto wa shule. Wengi hawawezi.

Mwenye C10 akinijia mimi, ana otomatiki na tairi za barabarani, na safari zake ni za mjini na pengine ya mbali mara moja moja, nitamwambia abaki na bolti 12 aliyo nayo, aweke 3.73, aweke difu yenye klachi, na pesa inayobaki aipeleke kwenye breki. Mwenye giaboksi ya mkono, au mwenye tairi laini ambazo tayari zimeshaonja lami ya uwanja, achukue inchi 9, mikono ileile ya Chevrolet, 4.10 kama ana ovadraivu, na hafushafti za meno 35 badala ya 31. Atakayesema anataka Dana 60 kwa sababu ipo siku atanunua tairi za mashindano, nitamwomba azinunue kwanza, azilete hapa nizione, ndipo tuendelee na mazungumzo.